Karatasi Namba 2117

Fomu ya idara ina mstari mmoja tu:
eneo la utafiti, maneno yasizidi kumi na tano.
Vakhtang aliandika: serikali za mseto, na jinsi zinavyovunjika.
Mimi: mipaka ya nchi pale mto unapohama.
Tsotne, ambaye bado hajui, aliandika demokrasia,
akarudishiwa fomu na alama ya kuuliza.
Nestani aliandika maneno mawili,
kura zilizoharibika,
nafasi iliyobaki akaiacha nyeupe.

Tulicheka. Sisi wa ghorofa ya nne tunacheka upesi,
hita moja haitoshi watu watano
na kicheko nacho ni blanketi.
Nani husoma uchaguzi kwa kuchakura taka zake?
Lakini kibali alikwisha kukipata, chenye mihuri mitatu,
na magunia kumi na moja yakapanda ngazi
kutoka wilaya ya kwao, mbele ya Kutaisi.

Kazi hii hutaka watu wawili.
Wa kwanza aipe kila karatasi namba yake,
wa pili aipe yake bila kuchungulia,
kisha zilinganishwe. Nikawa wa pili.
Ujira: mkate wa moto kutoka tanuri la mtaa wa chini
na soda ya kijani inayonukia majani.

Moja, majina mengi. Mbili, tupu. Tatu, matusi.
Nne, mchoro. Tano, haijulikani.

Nilisoma matusi ambayo Tbilisi nzima haijayasikia.
Nilisoma deni la gesi lililojumlishwa safu kwa safu.
Mmoja alifuta wagombea wote akaandika jina la mbwa,
akaongeza: huyu walau hurudi nyumbani.
Mwingine aliandika, samahani, kalamu
na hapo wino ukaisha.

Jumatano moja ya Februari, theluji imekuwa tope,
Nestani alinyamaza.
Kimya cha kazi nakijua, kina mkwaruzo wa penseli.
Hiki kilikuwa cha mtu aliyesikia jina lake likiitwa
katika chumba cha wageni.

Sikuuliza. Karatasi ikafika upande wangu.
2117. Hakuna jina lililotiwa alama.
Pembeni, chini kabisa, duara lenye meno matatu juu
na nukta tatu zikidondoka.
Mtu alikuwa akijaribu kalamu, nikawaza.
Nikaandika tano.

Tukishuka ngazi usiku, alisema akitazama viatu vyake:
Lile ni komamanga.
Baba alilichora kwenye karatasi ya mkate wangu wa shule,
kila asubuhi, na punje zake tatu.
Na kila uchaguzi hupiga meza kwa ngumi,
kura yangu naijua, na aliyeipata anaijua!
Akasita.
Kura ni siri, tunawafundisha hivyo watoto wa mwaka wa kwanza.
Nami nimeifichua ya baba yangu
kwa kibali chenye mihuri mitatu.

Profesa Kvirikadze alipitisha kidole kwenye jedwali.
Mmekubaliana vizuri. Ila hii, yeye nne, wewe tano.
Rekebisheni.
Iachwe, akasema Nestani.
Profesa akangoja sababu. Hita ikakohoa.
Sababu haikuja, naye akageuza ukurasa.

Pasaka alikwenda kwao. Aliporudi
nilimuuliza kama alimwambia mzee.
Akasema nauli ya basi imepanda.
Akasema Tsotne amepata mada hatimaye, foleni,
watu wanaosimama kwenye foleni, si ajabu?
Juu ya meza, kando ya magunia,
aliweka kitu cha mviringo
kilichofungwa kwa karatasi ya mkate.

Upande wenye mchoro, kama ulikuwapo,
ulimwelekea yeye.
Sikusogea.
Wa pili hachungulii.